Maneno Yaliyokaa Ndani ya Moshi

Nianze na dari, maana ndiyo niliyoitazama miaka yote ile ili nisilazimike kutazama kibakuli cha majivu. Dari ya duka la mabegi pale Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla, iliwahi kuwa nyeupe. Naamini hivyo kwa sababu nyuma ya kiyoyozi kulikuwa na kipande kilichobaki cheupe. Kwingine kote ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyomwagikia shuka ikaachwa ikauke. Halafu unaingia mwezi wa tatu, unyevu unauvamia mji, kuta za Guangzhou zinatoka jasho, na ile rangi inaanza kutembea. Michirizi ya kahawia ilishuka ukutani taratibu, ikapita juu ya bango la kukataza sigara, ikaishia kwenye maboksi ya bidhaa. Siku moja niliigusa kwa kidole. Ilinata. Nikanusa kidole, nikatoka mbio kwenda kunawa, na sabuni yao nayo ilikuwa inanuka sigara.

Mimi na mume wangu ni watu wa Morogoro. Tunanunua vifaa vya shule, mabegi, vichezeo na makorokoro mengine, vinapakiwa kwenye kontena bandarini Huangpu, vinakwenda kuuzwa nyumbani. Kazi tuligawana tangu mwanzo: yeye anaongea, mimi nakagua mali. Yeye alikaa mezani na laoban, yaani bosi mwenye duka, wakinywa chai kwenye vikombe vidogo visivyojaa hata funda moja. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, nikivuta zipu, nikikagua mishono, nikigeuza mabegi ndani nje. Mahali pale nilipachagua mwenyewe. Mlangoni kulikuwa na nafuu kidogo, ingawa hewa ya ngazi za jengo lile nayo ilikuwa imeshapita kwenye vifua vya watu kabla ya kunifikia.

Watu hawaniamini nikisema mume wangu alikuja China hajawahi kuvuta hata kipisi. Alikuwa mwanakwaya, sauti ya nne, kifua kipana, pumzi ndefu. Kilichomponza ni adabu. Siku ya kwanza tu dukani, laoban alitikisa pakiti, sigara moja ikachomoza, akamnyooshea kwa mikono miwili. "Chouyan, chouyan!" Vuta, vuta. Sasa mtu wa kwetu amelelewa kwamba ukiingia kwa watu ukakaribishwa, hukatai. Hata kama umetoka kula sasa hivi, utamega tonge moja umridhishe mwenyeji. Mume wangu akaiona sigara, akadhani ni tonge. Watanzania wenzetu waliotutangulia walikuwa na ujanja wao: wanaipokea, wanashukuru, wanaichomeka nyuma ya sikio, biashara inaendelea. Yeye akaona hiyo ni sawa na kupewa chapati ukaitia mfukoni. Akaiwasha. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, laoban akacheka na kumpiga mgongoni, na siku hiyo tukapata bei nzuri.

Tangu hapo ikawa hakuna chai bila sigara wala neno la Kichina bila sigara. Hakwenda darasa lolote. Darasa lake lilikuwa meza ile. Laoban alionyesha kitu kwa ncha ya sigara yake, akakitaja. Mume wangu akavuta, akatoa moshi, akarudia. Mkanda. Kitambaa. Rangi. Sampuli. Zipu, ambayo wanaiita lalian. Siku nyingine alinionyesha mimi pale mlangoni, na mume wangu akafundishwa kusema laopo, mke wangu, na wote wawili wakageuka kunitazama kupitia ule moshi wakitabasamu, nami nikajibu kwa kupiga chafya. Lakini sitasema uongo: maneno yaliingia. Jioni njiani kurudi nyumbani aliyataja yote bila kukosea, na kila wiki aliongeza. Nilipomlaumu alinijibu kwa maneno ya mama yake, mkwe wangu, ambaye tangu ujana wake hatoki bila kikopo cha ugoro kwenye pindo la khanga.

"Inafungua kichwa," alisema.

"Inafungua kichwa, inafunga kifua," nilimjibu.

"Mke wangu, unataka nijue Kichina au hutaki?"

Nilitaka. Ndipo nilipokwama. Kichina chake ndicho kilichotulisha, na kichefuchefu nilikuwa nacho mimi peke yangu. Kibakuli cha majivu kilikuwa na makapi ya mbegu za alizeti, majani ya chai, mate, na vipisi vilivyovimba majini vikapasuka matumbo. Nyumbani mto wake niliufua peke yake. Asubuhi alisimama kwenye sinki akijikohoza, akivuta kitu kutoka mbali sana, na mimi nikaongeza sauti ya redio nisikisikie kikitua. Vidole vyake viwili viligeuka rangi ya manjano kama vya mtu aliyemenya binzari. Alipotaka kunibusu nilimpa shavu, na shavu lenyewe nilikwenda kuliosha.

Alianguka Pazhou, kwenye kumbi zile kubwa za maonyesho, katikati ya vibanda vya wenye viwanda. Kuanguka ni neno langu. Yeye anasema alikaa. Alikaa sakafuni katikati ya njia, mkono kifuani, uso umemgeuka jivu, huku watu wanampita na mifuko yao ya katalogi. Hospitali walimtia kibomba kidogo kwenye mshipa wa moyo. Aliyetueleza kwa Kiswahili alikuwa daktari wa kwetu, dada mmoja tunayesali naye, aliyekuja kusomea ubingwa wa moyo. Alisimama miguuni mwa kitanda na hakuzungusha maneno.

"Shemeji, sigara basi. Si kupunguza. Basi. Ukirudia, dada hapa atakusafirisha kwenye sanduku, na sanduku hilo halitoki na mizigo yenu Huangpu."

Akaacha. Nampa haki yake, aliacha siku ile ile. Mimi nilirudi nyumbani nikashusha mapazia nikayaloweka, na maji yakawa meusi kama ya kuoshea sufuria ya kuni. Nilifua koti lake, kofia yake, mkanda wa saa yake. Niliimba nikifua. Nilidhani vita imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Tuliporudi Yide Lu, mume wangu aliweka mkono kifuani kukataa pakiti, kama tunavyokataa sisi, kwa kuinama kidogo. Laoban alielewa, akawasha yake. Wakaanza kuongea, na mume wangu akawa kama mtu anayetafuta miwani gizani. Aliuliza bei akasahau alichokuwa anaulizia. Alitaja rangi nyekundu akimaanisha buluu. Jasho lilimtoka, akawa mkali, akagonga meza kwa kidole. Laoban, kwa wema tu, ili kulegeza mambo, akaninyooshea kidevu mimi pale mlangoni akauliza jambo, nadhani aliuliza hali yangu. Mume wangu akageuka kunionyesha. "Huyu," akasema kwa Kiswahili, kisha akafungua mdomo atie neno la Kichina, na mdomo ukabaki wazi. Neno la mke wangu, alilolitamka kila siku kwa miaka, halikuja. Akanitazama kama mtu aliyekutana nami kwenye foleni. Nilihisi uchungu, tena uchungu wa kweli, na juu ya uchungu ule nikahisi kinyaa: kumbe hata mimi nilikuwa nimehifadhiwa kwenye kile kibakuli cha majivu.

Njiani alisema bila sigara yeye ni bubu. Alisema hivyo mara nyingi siku zile, na mimi niliogopa, kwa sababu nilijua sentensi ile inakoelekea.

Ilielekea Morogoro, kwa simu, mpaka kwa mama yake. Mfanyabiashara mmoja wa kwetu alipokuja na mizigo, alituletea kifurushi kutoka kwa mkwe: unga wa mhogo, dagaa, na ndani ya dagaa mfuko mdogo uliofungwa kwa uzi. Nilidhani ni pilipili. Siku chache baadaye nikaanza kuokota leso zenye madoa ya kahawia chini ya godoro, kwenye viatu, nyuma ya tangi la choo. Nikamkuta mwenyewe jikoni, amenyoosha ukucha wa kidole gumba, anaupeleka puani kwa utaratibu mkubwa kama anatia dawa ya macho. Akavuta. Akapiga chafya juu ya sufuria yangu ya wali. Kamasi la rangi ya udongo likaning'inia kwenye masharubu yake, naye, machozi yakimlengalenga, akanitazama kwa furaha.

"Lalian!" akasema. "Zipu ni lalian! Unaona? Limekuja!"

"Na kamasi nalo limekuja. Daktari alisema nini wewe mwanaume?"

"Alisema sigara. Ugoro hauna moshi."

Wali nilimwaga wote. Nilimpigia daktari, akaja mwenyewe, akakalia kiti ambacho nilikuwa nimekipangusa kwanza. Aliomba kuuona mfuko, akaunusa kwa mbali, akaufunga. Kisha akatueleza, na nitayasema nilivyoyaelewa mimi mkagua mabegi. Ndani ya ubongo kuna vitasa vidogo vidogo, na mwili una ufunguo wake wa kuvifungua, ndio unaotusaidia kukaza akili na kushika jambo jipya. Nikotini ni ufunguo feki. Tena feki nzuri, inaingia haraka, na kwa dakika chache mtu kweli anakuwa macho, anashika. Lakini ubongo ukishazoea ufunguo huo unaongeza vitasa, na siku ufunguo feki haupo vingi vinabaki vimefungwa, mwenyewe anakuwa mzito, msahaulifu, mwenye hasira.

"Ndiyo huyu," nikasema.

"Hiyo itapungua, dada, wiki hadi wiki. Lakini kuna jingine. Nikotini inafundisha kufungamanisha. Meza, chai, harufu, sauti ya kiberiti, na maneno aliyokuwa anajifunza saa ile, vyote inavifunga mtumba mmoja. Alichojifunza ndani ya moshi, kichwa kinakwenda kukitafuta ndani ya moshi."

"Kwa hiyo maneno yangu yamepotea?" mume wangu akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hayajapotea, shemeji. Jifunze upya kwenye hewa safi. Ni kazi, lakini yanakuja. Na huu ugoro naondoka nao. Dawa ni ile ile. Umehama mlango tu, kutoka mdomoni kwenda puani, na moyo wako haujui tofauti."

Aliondoka na mfuko. Mume wangu alikaa akiutazama mlango. Sikio la kufa halisikii dawa, nilijisemea, na nikaanza kunusa nguo zake kila anapoingia, koti, shati, viganja, kama mbwa wa forodha. Sikupata kitu. Alikuwa anajitahidi, lakini Kichina hakikurudi, na alipoacha hata kujaribu, akawa anatuma ujumbe wa simu kwa laoban badala ya kwenda, nikaona anazeeka.

Ndipo yakaja mabegi. Oda ya mabegi ya shule ilikuwa ipakiwe wiki ile. Sampuli niliyoikagua mimi mwenyewe ilikuwa na zipu ya chuma, inakwenda kama maji. Zilizoletwa stoo zilikuwa za plastiki. Ukivuta, meno yanaachana nyuma ya mkono wako, begi linabaki limeachama. Mtoto asingefika nalo hata geti la shule. Ilikuwa lazima twende ana kwa ana, na ana kwa ana maana yake ni meza ile.

Nilikaa kwenye kigoda changu. Ulikuwa msimu wa unyevu, kuta zinatiririka, na laoban ana baridi ya kifua, anavuta na kukohoa, anavuta na kutema kwenye kopo. Mume wangu akaweka begi mezani. Akaanza vizuri, salamu, afya, chai. Kisha akafika kwenye zipu, akaishiwa. Alionyesha kwa vidole. Alisema neno, si lenyewe. Laoban akatikisa kichwa, akasema mei banfa, hakuna la kufanya, hivyo ndivyo ilivyo. Mume wangu akafuta jasho. Na laoban, kwa huruma ile ile iliyotuponza mwanzo, akatikisa pakiti, sigara ikachomoza, akainyoosha kwa mikono miwili.

Mkono wa mume wangu ulikwenda kifuani kama kawaida. Ukakaa hapo. Kisha ukashuka, na nikauona unaelekea mezani.

Sijui nilisimama saa ngapi. Najua kigoda kilianguka. Nilikuwa sijawahi kuongea mbele ya laoban zaidi ya "ni hao", salamu yao. Kichina changu mbele za watu kilikuwa cha sokoni, bei gani, ghali, sitaki. Lakini nilikuwa nimekaa mlangoni miaka yote ile na masikio wazi na pua imezibwa kwa kitambaa. Nikasema kwa Kichina kwamba yeye ni mgonjwa wa moyo. Nikasema usimpe. Nikasema ongea na mimi. Laoban akaganda na pakiti yake hewani. Mume wangu akanitazama kama begi limeongea.

Nikalishika begi. Nikasema sampuli ilikuwa nzuri, hii si nzuri, tatizo ni hii. Na hii ikakosa jina. Neno la zipu, lile lile lililopigiwa chafya kwenye wali wangu, likanitoka kichwani. Nilikuwa nimeyashika meno ya zipu mkononi na sina jina la kuiita. Laoban akaanza tena, mei banfa, mei banfa, mume wangu akaitazama pakiti.

Kwenye kibakuli cha majivu sigara ya laoban ilikuwa inaungua peke yake. Uzi wa moshi ulipanda ukakatika usawa wa kifua changu. Niliuchukia. Nilichukia kibakuli, kopo la makohozi, ukuta unaotiririka, na zaidi ya vyote nilichukia kujua ninachotaka kufanya. Nikainama mezani, kama mtu anayelitazama begi kwa karibu, nikaushusha uso mpaka moshi ukaniingia, nikavuta pumzi. Nikavuta kwa makusudi, mpaka chini. Ulikuwa na ladha ya sarafu na soksi. Na neno likaja, safi, na sauti yake, na ile meza ya siku za kwanza, na mume wangu kijana anarudia.

"Lalian," nikasema. "Lalian. Huan." Zipu. Badilisha.

Laoban alilivuta begi kwake, akavuta zipu mwenyewe, meno yakaachana. Akavuta la pili. Akajikuna kichwa, akapiga simu, akapiga kelele na mtu wa kiwandani. Alipomaliza akasema xing, sawa, zitabadilishwa. Pakiti akaitia kwenye droo bila kunitazama. Tulikunywa chai ile ndogo, na mimi kwa mara ya kwanza nilikunywa mezani.

Kwenye treni ya chini ya ardhi tulipata viti.  Mume wangu akanigeukia.

"Nilikuona," akasema.

"Uliona nini?"

"Ulivyoinama."

Angeweza kunicheka. Kwa maneno yote niliyomtupia miaka yote ile, alikuwa na haki ya kunicheka mpaka kituo cha mwisho. Hakucheka. Aliegemeza kichwa begani kwangu, na nikamsikia anavuta pumzi kupitia puani, ndefu, kwenye kilemba changu kilichokuwa kimekaa asubuhi nzima kwenye moshi ule. Akatulia hapo. Akavuta tena.

Nikakitoa kilemba kichwani, mbele ya abiria wote, nywele zangu zilivyo. Nikakikunja, nikakitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaukaza fundo, na fundo jingine juu yake, nikausukuma chini ya kiti kwa mguu. Kinywani bado nilikuwa na ile ladha, na nilimeza mate ili iondoke.

"Haya," nikamwambia. "Hapa hakuna moshi. Mimi ni nani?"

Akaelewa. Akafumba macho. Milango ya treni ikafunguka, watu wakashuka, wengine wakapanda, ikajifunga. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Sikumsaidia. Tulipita kituo, tukapita kingine, nikaanza kuogopa kwamba safari itaisha.

"Laopo," akasema.

"Sema tena."